Nilipompeleka Tata Kwenye Maji Moto

Kuna siku moja inayonijia hata ninapojilazimisha kukumbuka nyingine. Mwanangu, nilikuwa nimemaliza sekondari, miaka ya sitini ikielekea mwisho, na kwetu karibu na Ikonge niliona padogo mno. Tata, yaani baba yangu, magoti yalikuwa yamemkaza kwa baridi ya milimani, hata pareto aliichuma ameketi.

Nilisikia kwamba chini ya milima ya Homa, upande wa Wajaluo, maji hutoka ardhini yakichemka, na wenye maumivu ya viungo huenda kuoga humo. Nikasema nitampeleka.

Tata alikubali, ila akataka tumngojee Ombati, wa rika lake, aliyetahiriwa pamoja naye. Sisi Wagusii tuna chinsoni, ile haya ya heshima baina ya mzazi na mtoto. Mwana hamwoni baba yake uchi, hata akiwa mgonjwa. Wa rika lake ndiye humwogesha. Lakini Ombati alikuwa akikausha pareto, akaomba siku tatu.

"Ningojeni," aliniambia akicheka. "Au unataka kumchemsha mwenzangu kama ndizi, wewe peke yako?"

"Nyinyi wazee mtangoja mpaka magoti yaote majani," nikamjibu.

Siku tatu niliziona kama mwaka. Kesho yake tukaondoka, wawili tu.

Tulifika mchana. Maji yalitoka chini ya mawe yakifuka mvuke, yakapoa kidogo kidogo kadiri yalivyoteremka. Nilichagua mahali pa chini, nikayajaribu kwa mkono, yakafaa. Kisha nikaenda mbali kidogo, nikampa mgongo. Lakini pale palikuwa wazi. Naamini Tata aliona haya hata ya mgongo wangu, kwa maana alipanda juu, nyuma ya mawe, asionekane. Huko ndiko maji yalikochemka.

Nikasikia mawe yakiporomoka, kisha ukelele.

"Tata, nije?"

"Usije! Sina nguo!"

Nikabaki pale. Nikamwuliza tena, akanikataza tena, kwa sauti ndogo kuliko ya kwanza. Nikabaki pale pale, mwanangu, nikitazama mbuzi wa watu.

Aliyemtoa ni mama mwenye mbuzi hao. Alinipita mbio, akamvuta kwa makwapa, akamfunika kwa leso yake. Ndipo akanigeukia.

"Baba yako naiva, wewe nasimama tu? Wewe mtu gani?"

Swali lake ninalo hata leo.

Ngozi ya miguu yote miwili ilimtoka. Alilazwa hospitalini, akarudi nyumbani amebebwa, na kila asubuhi Ombati alikuja kumwosha, akinipita mlangoni bila mzaha wowote. Tata hakunilaumu. Kila mgeni aliyekuja, Tata alimwambia kwamba mwanawe ana heshima. Maneno hayo ndiyo yaliyonifukuza nyumbani. Vidonda havikupona, na alipozikwa nilikuwa Kericho, na habari zilinifikia kaburi limekwisha kufukiwa. Tangu hapo nimeishi Marani, Kisumu, Mombasa, na kwingine nisikokutaja. Nimepita umri wa miaka arobaini, na kila ninapopanga chumba naanza kufikiria siku ya kuhama.

Sasa sikiliza. Mzazi akikuambia mmngoje fulani, mngojeeni. Anajua mwili wake unataka mikono ya nani. Usidhani masomo yako yamekupa haki ya kumharakisha. Na ukishakosea, ukaenda bila huyo, basi mzazi akilia usimwombe ruhusa. Nenda. Atakasirika, atakunyima mkono, labda mwaka mzima hatakula nawe. Vumilia, maana atakuwa hai. Mimi ningefurahi kukasirikiwa, na hakuna aliyebaki wa kunikasirikia.

Mungu akutunzie wazee wako. Akuondolee haraka katika siku zako zote, akuachie haraka hiyo kwa ile siku moja itakayoihitaji.