Mguu wa Nasieku Ulivyofaulu Mtihani wa Masikio

Enzi zetu, sisi tuliosoma Kitengela kabla ya magorofa, wakati pundamilia bado walikatiza uwanja wa shule kama wanafunzi waliochelewa, kila kitu kilikuwa mtihani. Kucha zilikuwa mtihani, leso ilikuwa mtihani, na asiyejua jedwali la saba alionja kiboko kabla ya kuonja githeri ya mchana. Kwa hiyo tulipoambiwa kwamba Sista wa afya anakuja kutoka Kajiado kutupima masikio, Mwalimu Kilonzo wa darasa letu la tatu alitutayarisha kama watahiniwa.

"Hii darasa isiniaibishe," alituonya. "Ukisikia kitu, inua mkono. Ukiwa na shaka, inua pia." Wiki nzima aligonga meza kwa kalamu, nasi tukarusha mikono juu. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda tu darasa lake liongoze kwa kila jambo, hata kwa masikio.

Mimi nilikaa dawati la nyuma na Nasieku. Kwenye bladaa, mchezo wetu wa kuruka kamba ya mpira, hakuna aliyemfikia, na maziwa aliyobeba kwenye kibuyu yalinukia moshi mtamu ambao sijaupata tena kwenye pakiti yoyote. Mimi nilimpa muthokoi wa mama yangu, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, tukabadilishana hivyo kila adhuhuri. Lakini Nasieku hakusikia vizuri. Masikio yake yalitoa usaha kila msimu wa baridi, na mwalimu alipomwita aliendelea kutazama milima ya Ngong kwa utulivu wake wote. Tangu darasa la pili nilikuwa nikimkanyaga mguu chini ya dawati. Mara moja, unaitwa. Mara mbili, simama. Tukaishi hivyo, hakuna aliyejua.

Wale wa darasa la sita walituambia anayeanguka masikio hupelekwa shule ya mbali na hamwoni mama yake mpaka Krismasi. Asubuhi ya kupimwa Nasieku alinishika mkono kwenye foleni.

"Utanikanyaga?" aliniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

Tulipimiwa stoo ya mahindi, kwa kuwa ndicho chumba pekee chenye mlango uliofungika. Maskini Sista! Upepo wa tambarare ulitikisa mabati, ng'ombe wakapita na kengele zao, na kila lori lilipounguruma barabara ya Namanga alisimamisha kazi mpaka lipotee. Mwenzetu mmoja alipovishwa vile vidude vya masikioni alitoka akilalamika kwamba redio yenyewe haina hata salamu. Ili kuokoa muda, tuliingia wawili wawili, mmoja akipimwa na mwingine akingoja kwenye benchi hilohilo.

Nasieku alitazama ukuta. Mimi nilitazama kidole cha Sista kwenye kitufe cha mashine yake ya kutoa mlio. Kidole kikishuka, nami nakanyaga, naye mkono juu. Sista aliandika, akapangusa jasho, akacheka kwa uchovu. "Aki hii darasa yote iko na masikio ya sungura!" Nje gari lilikuwa likipiga honi, shule nyingine ilikuwa inamngoja. Nasieku akapata tiki kila mahali. Tulitoka tukikimbia, na ninakiri kwamba sijawahi kujivunia mtihani wowote kama ule.

Jumatatu mwalimu alimwita Nasieku mbele nilipokuwa nimeinama kuokota kifutio. Hakusikia. Mwalimu alisogea hadi dawatini petu, kadi ya Sista mkononi.

"Sasa nimejua. Hospitali wamesema masikio yako ni mzima. Hii ni kiburi tu."

Zamani alimchapa kimoja kwa shaka shaka. Siku hiyo alimchapa vinne kwa uhakika. Nasieku hakulia, alinitazama tu kama anayeuliza tumekosea wapi, kwani si tulifaulu? Mpaka leo nikiukumbuka uso ule moyo huniuma.

Jioni muthokoi ulinishinda. Mama aliponibana nikamwambia yote. Hakunipiga. Alisema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kesho utasema haya mbele ya mwalimu, na mimi nitakuwa hapo."

Asubuhi nikasema yote, mama akiwa kando yangu. Mwalimu Kilonzo alienda akasimama nyuma ya Nasieku, akamwita kwa sauti ya kawaida. "Nasieku." Akarudia. Nasieku aliendelea kuchonga penseli yake. Mwalimu aliweka kiboko juu ya kabati, akabeba dawati letu mwenyewe hadi mbele.

Lakini Sista hakurudi mpaka mwaka uliofuata, na dawa zilipoanza sikio moja lilikuwa limeshaharibika. Nasieku alirudia darasa, mimi nikasonga. Siku hizi anaishi Kajiado, ana kifaa nyuma ya sikio lililobaki, na tukikutana hunitania mbele za watu: "Huyu ndiye alifanya mguu wangu upite mtihani!" Hucheka mpaka machozi. Mimi hucheka pia, ila si sana.

Leo pundamilia wamehama, maziwa hayanukii moshi, na vijana wetu waliojaliwa masikio mazima wanayaziba wenyewe kwa waya kutwa nzima. Ukimwita mmoja wao mara tano anakuuliza, "Ati?" Natamani zile adhuhuri za kibuyu na muthokoi, sitasema uongo. Ile wiki ya kurusha mikono siitamani.

Juzi binti yangu alileta barua kutoka shuleni: watapimwa masikio. Alikuwa ameshatoa daftari na kalamu.

"Mum, tunarevise nini?"

Nilimketisha karibu, nikamwambia neno ambalo Nasieku alistahili kulisikia kwenye benchi lile la stoo, badala ya kiatu changu.

"Usiposikia, mwanangu, acha mkono chini."