Kiweko cha Vikombe vya Kajaga

Baba yangu hakuwa ameota kumfundisha binti yake kuchomelea chuma. Nilikuwa nimemaliza sekondari, kazi sina, na kila mchana nilimpelekea chakula karakanani kwake Bwiza, kisha nikabaki kumtazama mpaka alasiri. Siku moja akachoka kutazamwa. Akanivika miwani nyeusi, akanitia mpini wa mashine mkononi, akasema, "Kama ni kukaa, kaa na kazi."

Yeye ni mtu wa milango na madirisha. Ukitembea mtaani kwetu utapita mageti mengi yaliyotoka mikononi mwake. Mimi nilipenda mabaki: vipande vya nondo, vyuma bapa vilivyokatwa vikazidi, pete za mabomba. Kwa hivyo nikaanza kutengeneza viweko vidogo. Hiki cha sahani ya mapambo, kile cha chungu cha maua, kingine cha kutulizia birika la moto mezani. Baba aliviita "mambo ya sebuleni". Hakusema kwa ubaya, ila akinihitaji kwenye geti niliviweka chini mara moja.

Basi asubuhi moja akaingia mama mmoja, mtu mzima, kitenge safi, viatu vimejaa vumbi la njia. Akaipita milango yote iliyoegemezwa ukutani, akaenda kuinama mbele ya kiweko changu cha sahani. Akakigusa kwa kidole, akakizungusha.

"Hii alifanya nani?" akamwuliza baba.

Baba akanionyesha kwa kidevu. "Huyu. Ni binti yangu."

Mama akanitazama, na suruali yangu iliyotobolewa na cheche, na kilemba changu kilichojaa vumbi la chuma. Akasema, "Basi nimekuja kwako."

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sasa amestaafu, mjane. Nyumba yake ilikuwa Kajaga, karibu na ziwa. Maji yalipopanda yaliingia uani, halafu jikoni, halafu sebuleni, na yeye akahama. Sasa alikuwa amepanga nyumba mtaa wa Mutakura. Kabati lake la vioo lilivimba mbao likaachana lenyewe. Kilichopona ni vikombe vya chai alivyopewa na mama yake mzazi siku ya ndoa, na tangu ahame vilikuwa vimelala ndani ya katoni, vimefungwa katika blanketi, chini ya kitanda.

"Mi sitaki kabati tena," alisema. "Mbao inakunywa maji. Nataka kitu ya chuma, irefu, vikombe vikae juu. Mugeni akiingia avione."

"Kirefu namna gani, mama?"

Akaweka kiganja kifuani. "Hapa. Maji isifike."

Baba akakohoa. "Mama, chuma chembamba kikiwa kirefu hivyo kinaanguka. Na kikianguka, vikombe vimekwisha."

"Ndiyo maana sikwenda kwa seremala, mzee. Nimekuja kwa fundi wa chuma."

Mimi nikageuka nikajifanya natafuta tupa, maana nilikuwa nacheka.

Nilipomwuliza anataka umbo gani, hakujua kuniambia. Alisema tu nije nione mahali vilipokaa zamani. Jumapili tukaenda wote wawili Kajaga, tukasimama pale barabara ilipoingia majini na kupotea. Nyumba yake ilikuwa bado imesimama, maji yamefika nusu ya madirisha. Hakulia. Alikuwa ananionyesha tu, kama anayemtembeza mgeni: pale jikoni, pale palikuwa na mpapai, pale ndipo wanafunzi walikuwa wanakaa wakija kurudia masomo likizoni.

Uani kwake, hadi ukingoni tuliposimama, yalikuwa yameota matete. Upepo wa ziwa ulipokuja yaliinama yote upande mmoja, ulipopita yakainuka. Nikachuchumaa kuyatazama chini yale ya ukingoni. Kila shungi lilitoka kwenye shina moja nene, lililotanuka na kushika tope. Juu ni wembamba mtupu, uzito wote uko chini. Nikaokota kijiti nikachora mchangani, marefu na mafupi, na kila tete likibeba kikombe.

"Hivi?" nikamwuliza.

Mwalimu akainamisha kichwa, akatazama kama anayesahihisha daftari. "Hivyo. Lakini marefu yasimame katikati."

Kazi ile ilinipa taabu kuliko geti lolote. Nilibana nondo nyembamba kwenye jiliwa nikazikunja, moja baada ya nyingine, na kila nilipopata mkunjo mzuri, uliofuata ulikataa kufanana nao. Baba, ambaye alikuwa amesema hataki kuhusika, alipita nyuma yangu. "Usiivute kwa hasira," alisema. "Isukume kidogo, iache, isukume tena. Chuma nacho kinasikia." Akaenda zake.

Nilipokisimamisha mara ya kwanza kiliinama taratibu mpaka kikalala ubavu. Nikakumbuka lile shina. Nilikwenda kwa makanika wa jirani, nikamwomba diski ya breki ya lori iliyochakaa, nzito hata kuibeba ni shida. Nikayachomelea matete yangu juu yake, na chini nikaipa miguu mitatu iliyotanuka, kwa sababu miguu minne kwenye sakafu zetu za saruji zisizo sawa lazima mmoja uelee hewani. Mwisho wa kila tete nikaweka pete ya kukalia kisahani, na chini ya pete ndoana ya kuning'iniza kikombe. Nikasaga kila mshono hadi kidole kisiweze kuuona. Rangi nyeusi, ila ncha nikazipaka kijani.

Baba alikizunguka. Akachukua vikombe vyetu vya nyumbani, akavipanga mwenyewe kwenye ndoana, halafu, bila kuniambia, akapita karibu na kukigonga kwa bega kama mtu mwenye haraka. Matete yakayumba yote, vikombe vikalia, yakarudi, yakatulia. Akarudia kwa nguvu zaidi. Yakayumba, yakatulia.

"Mashallah," akasema. Halafu akakaa juu ya ndoo ya rangi, akaendelea kukitazama.

Siku ya kukipeleka kwa mwalimu, mafuta ya gari hayakupatikana mjini, kama kawaida ya siku hizi, na magari yaliyokuwa barabarani yalikuwa yamejaa watu mpaka mlangoni. Baba akafunga karakana, yeye ambaye huifunga tu kwa sala ya Ijumaa, akasema, "Tutaenda na miguu." Alishika upande wa diski begani, mimi nikashika upande wa ncha, tukatoka Bwiza.

Muuza mikate akatuuliza, "Mzee, hiyo ni nini?"

"Kiweko cha vikombe," baba akajibu.

Tulipofika Ngagara kijana mwenye duka la simu akauliza vilevile. "Kiweko cha vikombe," baba akasema. Tukapiga hatua chache, akageuka nyuma na mzigo begani: "Ni mutoto wangu huyu njo alifanya!"

Tulipofika Cibitoke baba hakusubiri kuulizwa. Aliomba tupumzike, na kila mara alichagua kupumzika mahali penye watu. Tulikisimamisha kando ya barabara, akakisukuma kwa kidole ili kiyumbe. "Angalieni. Hakianguki. Binti yangu. Hapana mwanaume aliyemsaidia." Wanawake waliokuwa wanateka maji wakapiga vigelegele. Nilitazama chini kwa aibu, lakini ukweli ni kwamba sikutaka Mutakura ifike upesi.

Mwalimu alikuwa ameosha vikombe tayari. Vilikuwa vyeupe, vyenye mstari wa bluu mdomoni, na kimoja kilikuwa kimepoteza mkono wake. Alivitundika polepole, hakukubali tumsaidie. Kile kisicho na mkono hakikuweza kuning'inia, akakikalisha kwenye kisahani chake juu ya tete refu kuliko yote, katikati. Akarudi nyuma mpaka mlangoni, akasimama pale kama mgeni anayeingia.

"Leo ndiyo nimehamia," alisema.

Akatumiminia chai ya maziwa katika vikombe vile vile. Baba alikishika chake kwa mikono yote miwili, vidole vyake vyeusi juu ya ule weupe, na alipomaliza akakiosha mwenyewe na kukirudisha kwenye ndoana.

Majirani wa mwalimu walianza kuja karakanani, na baadaye hata watu wasiomjua. Nimetengeneza kiweko cha sinia la shaba la bibi mmoja wa mtaani kwetu, na cha vibuyu vya maharusi, na cha kombe la timu ya mpira. Ukutani baba ameongeza kwa mkono wake, chini ya "Milango na madirisha", neno "Viweko". Na mteja akija nikiwa sipo, anamvutia kiti. "Kaa, mama," anamwambia. "Fundi ametoka kidogo. Mi ni wa milango tu."