Roshani ya Mama Mkwe

Siku ya kwanza Fundi Jicho alipoingia darasani chuo kikuu, wanafunzi themanini walinyamaza ghafla na msichana wa mstari wa mbele akakimbilia kufuta ubao. Mtu mzima, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, mvi zimeanza kuchungulia juu ya masikio: nani huyo kama si mhadhiri? Naye, badala ya kusema ukweli, aliitikia salamu zao, akautazama ubao kama mtu aliyeridhika na usafi wake, akatembea taratibu mpaka kiti cha mwisho nyuma kabisa, akakaa. Kicheko kilichofuata kilimpa jina jipya. Kwenye majengo alikuwa Fundi Jicho. Hapa akawa Babu.

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na mtoto wake mkubwa alikuwa bado anapigana na jedwali la saba.

Jina la Jicho alilipata kwa jasho, au ndivyo alivyopenda kulieleza. Miaka ishirini alijenga nyumba za watu kwa kufumba jicho moja. Aliutazama ukuta, akasema umelala kidole kimoja, na timazi ikishushwa ilikuta kidole kimoja kweli. Siku ambazo timazi ilikataa, alisema timazi ni mbovu. Alikuwa na cheti cha ufundi na stashahada aliyoisoma jioni jioni, na hakuona anakosa nini duniani, mpaka injinia mmoja kijana, buti zake bado zina stika, alipomwamuru abomoe nguzo mbele ya vibarua wote. "Kwani wewe umesomea wapi?" yule kijana aliuliza. Jicho akaapa ataileta hiyo digrii na kuipigilia ukutani. Mkewe alidhani hasira itapoa. Haikupoa, ikajaza fomu.

Mwaka wa kwanza hesabu zilimkalisha chini kama mtoto. Lakini kwenye karakana, siku za kuchanganya zege, alikuwa mfalme. Vijana walikoroga kwa vidole viwili wakiogopa kuchafuka, yeye akakunja mikono ya shati na kuanza kuhubiri: "Sisi huko saiti..." Alilisema hilo mara nyingi kiasi kwamba akifungua mdomo tu, darasa zima linamsaidia kumaliza, "...hatupimi, tunaona!" Alidhani wanampenda. Walimpenda kweli, ila si kwa sababu aliyoidhania.

Sasa, kisa hiki hakikamiliki bila mama mkwe wake. Huyu mama alimtakia bintiye mume mwenye kucha safi, akaletewa mtu wa zege. Kwa miaka tisa alimjulia hali kwa adabu zote na bila hamu yoyote. Barafu iliyeyuka mwaka mama alioongeza ghorofa kwenye nyumba yake. Jicho alichukua likizo ya siku saba, akamfungia nondo na kumwaga slabu mwenyewe, na kwa hisani yake akatokeza nje ya sebule ya juu roshani ya mita moja na robo, yenye vyuma vya kushikia vilivyopakwa rangi nyeusi. Mchoro haukuwa na roshani. Jicho lake ndilo lililokuwa nayo.

Tangu hapo akawa mkwe. Kila mgeni aliyekanyaga nyumba ile alielezwa, "Hii kajenga mume wa binti yangu, kwa mikono yake." Na alipoingia chuo, mama akaanza kumwita Injinia, bila kungoja mtihani hata mmoja. Aliijaza roshani maua, ndoo kwa ndoo na kopo kwa kopo, akawa anakaa mlangoni jioni, miguu ya mbele ya kiti iko nje na ya nyuma iko ndani. Jicho aliwaambia mafundi wenzake kwamba mama anaipenda ile roshani mpaka pa kukanyaga hakuna. Katika kazi zake zote, hiyo ndiyo iliyomfurahisha zaidi moyoni.

Mambo yaliharibika Alhamisi moja, mwaka wa pili.

Mwalimu wa miundo, dada mmoja mdogo kwa umri kuliko shemeji wa mwisho wa Jicho, aliingia darasani amekumbatia kipande cha sponji la godoro. Ubavuni mwa sponji alikuwa amechora mistari ya wima kwa kalamu ya wino. Akakilaza kati ya meza mbili, akakibonyeza katikati.

"Tazameni mistari. Juu inabanana, chini inaachana. Zege linavumilia kubanwa, kuvutwa haliwezi. Kwa hiyo nondo tunaweka wapi?"

"Chini!" Babu aliwashinda wote kwa sauti. Miaka ishirini jamani! Nondo ni za chini, hilo nalo la kuuliza?

"Vizuri." Mwalimu akachukua sponji lile lile, akaligandamiza upande mmoja mezani kwa kitabu kinene, upande wa pili ukabaki hewani. Akaubonyeza ule wa hewani kwa kidole. "Na hii? Tuseme hii ni roshani."

Mistari ikaachana juu. Chini ikabanana.

Darasa lote liliinamia madaftari. Babu hakuandika kitu. Alikuwa anaziona nondo zake, moja moja, jinsi alivyozilaza chini sebuleni kwa mama mkwe na kuzipitisha hivyo hivyo hadi nje, kwa sababu nondo ni za chini. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na kama fundi ameziweka chini? Tuseme... kasahau?"

"Basi amezizika tu humo, Babu. Kinachoshika ni zege lenyewe, mpaka lichoke. Inaweza kukaa miaka, halafu siku moja ikakatika bila kuaga." Akaweka sponji mezani. "Lakini fundi gani huyo wa kufanya hivyo?"

Darasa likacheka. Babu naye akacheka, akacheka kuliko wote, hadi jirani yake akamuuliza kama yuko salama.

Mchana ule alikaa maktaba akapiga hesabu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake zilikuja bila kubembelezwa. Uzito wa zege. Lipu. Vyuma. Watu wawili wakisimama nje. Halafu akakumbuka, akaandika "maua" na pembeni yake alama ya kuuliza. Hata bila maua, namba zilisema roshani ile inasimama kwa huruma tu. Aliwaza wajukuu wakikimbia pale juu. Aliwaza na lingine ambalo aliona aibu kuliwaza: kwamba miaka tisa ya kujuliwa hali bila hamu itarudi upya, safari hii kwa haki.

Jumamosi asubuhi mkewe alimkuta anavaa viatu.

"Naenda kumjulia hali mama."

"Mama yupi?"

"Mama yako."

"Kwetu? Bila kuitwa?" Mkewe aliweka chini fagio. "Umefanya nini?"

"Kwani mtu hawezi kumsalimia mama yake?"

"Anaweza. Wewe umefanya nini?"

Akafunga kamba za viatu, akatoka. Alipofika alisimama barabarani, akaitazama roshani kutoka chini na kufumba jicho moja kwa mazoea. Jicho likamwambia iko sawa kabisa. Hapo ndipo alipoanza kuliogopa jicho lake.

Mama alimpokea kwa furaha, akampandisha sebuleni, akamkaribisha chai. Yeye mwenyewe akakaa kwenye kiti chake pale mlangoni. Jicho alihesabu maua huku akijifanya anayasifia: ndoo na makopo ya rangi ishirini na mawili, yote yamejaa udongo, na udongo wote umetoka kumwagiliwa. Alikuwa ameandaa maelezo mazuri njiani, hata sponji la kuoshea vyombo alilinunua. Lilibaki mfukoni.

"Mama, maua haya yamependeza. Ila kule chini uani yangepata jua zaidi."

"Jua linayafikia hapa hapa."

"Na yale maji, yataharibu rangi ya ukuta."

"Ukuta ni wangu, Injinia."

"Basi nikusaidie kuyapunguza, upate nafasi ya kukaa nje."

"Nafasi ninayo." Mama akavuta kiti ndani kidogo. "Maua yangu naomba usiyaguse."

Mama hakuwahi kumsemesha kwa ukali namna ile, hata zama za adabu bila hamu. Jicho akachuchumaa kizingitini kama anayenusa, akalisogeza kopo moja. Nyuma yake, pale roshani inapokutana na ukuta, kulikuwa na mstari mweupe wa puti, ile ya kuzibia nyufa. Akasogeza kopo la pili. Mstari uliendelea. Uliendelea toka ncha hadi ncha, na alama za vidole vya aliyeupaka zilikuwa bado zinaonekana.

"Nani kaziba hapa?"

Mama akatazama chai yake. "Mimi."

"Kulikuwa na ufa?"

"Tangu mwaka juzi, baada ya zile mvua."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekwambiaje? Umejenga siku saba, hukula vizuri, hata asante ulikuwa unaikimbia. Nikuite nikwambie kazi yako imepasuka?" Sauti yake ilishuka. "Nikaona niweke maua, wajukuu wasipite. Mgeni akitaka kutoka namwambia ataniharibia maua yangu. Mimi mwenyewe sijawahi kukaa huko. Naogopa."

Jicho akageuka, akakitazama kile kiti. Miguu ya nyuma ndani. Miaka miwili aliichukulia kuwa ni kupenda kivuli tu. Aliona aibu, aibu ya kutamani kuingia ndani ya ndoo mojawapo na kufunikwa udongo.

"Mama, nimekuja kukwambia," alisema. "Nondo niliziweka chini. Zilitakiwa ziwe juu. Nilikosea. Nimefundishwa juzi, Alhamisi."

"Juzi?"

"Juzi."

"Kwa hiyo miaka yote hii mimi nakusitiri, na wewe mwenyewe hujui?"

"Nilikuwa sijui, mama."

Mama akayatazama maua yake. "Na haya maua?"

"Maua, kwa uzito wake, ndiyo yalikuwa yanaimaliza."

Mama mkwe akaziba mdomo kwa mkono. Mabega yakaanza kutikisika, kisha kicheko kikamshinda, akacheka mpaka machozi, akashika kiti asianguke. Jicho alitaka kucheka naye lakini macho yake hayakuondoka kwenye ile miguu ya mbele ya kiti. "Kwanza sogea ndani, mama," aliomba. "Ukishasogea tutacheka wote."

Mchana ule alilala kifudifudi sebuleni akayatoa makopo moja moja kwa kunyoosha mkono, kisha akaazima nguzo za mirunda kwa fundi wa mtaa wa pili na kuegemeza roshani kutoka chini. Majirani waliona. Majirani huona.

"Injinia, unajenga tena?" mmoja aliita kutoka barabarani.

"Anaongeza urembo!" Mama alikuwa ameshamjibu kutoka dirishani.

Jicho aliutazama mrunda alioukumbatia. Angeweza kunyamaza tu. Amesitiriwa miaka miwili, siku moja zaidi ingemdhuru nini? "Nabomoa!" alipaza sauti, hadi mtu wa duka akatoa kichwa. "Nilikosea kujenga!" Dirisha likafungwa. Kisha mama akaleta maji ya kunywa, na hilo hakuwahi kulifanya.

Aliibomoa Jumamosi iliyofuata kwa tindo na nyundo, kidogo kidogo. Nondo zilikuwa pale pale alipoziacha, chini kabisa, zimenyooka, kila makutano yamefungwa waya mara mbili. Katika maisha yake yote hakuwahi kufunga nondo vizuri vile. Mama alizitazama pamoja naye.

"Umezifunga vizuri lakini," akasema.

"Vizuri sana, mama."

Kuijenga upya kulichukua mwezi na nusu wa Jumamosi. Mchoro ulikuwepo safari hii, na mwalimu wa miundo aliurudisha mara tatu kwa kalamu nyekundu. Mara ya kwanza aliuliza tu, "Babu, fundi yule aliyesahau, mnajuana?" Babu akasema wanajuana sana. Sakafu ya sebule ilichimbwa mita mbili kwenda ndani ili nondo za juu zipate pa kushika, na mama akapokea wageni wake jikoni bila kulalamika, akiwaeleza tofauti ya juu na chini kwa sponji la vyombo. Darasani Babu aliacha kusema habari za saiti. Vijana wakaona anaumwa.

Siku ya kutoa mirunda, alimwita mama juu. Alikuwa amepima ile slabu kwa pima maji, kwa timazi, kwa kamba, na jicho lake amelikataza kabisa kusema chochote. Daftari la hesabu alilishika mkononi ili amwoneshe.

Mama hakulitazama. "Nondo ziko juu?"

"Ziko juu, mama."

Basi. Akabeba kiti chake, akavuka kizingiti, akakiweka nje, miguu yote minne, karibu na vyuma kabisa. Akakaa. Akajinyoosha, akatazama barabara kama mtu aliyefika mahali kwa mara ya kwanza, akafurahi peke yake kitambo. Halafu akageuza shingo.

"Injinia, mbona umebaki huko?"

Jicho akatazama chini. Miguu yake yote miwili ilikuwa ndani ya kizingiti.