Masikio ya Mama Mkwe

Homa ilimlaza wiki tatu akiwa na miaka tisa, na alipoinuka hakusikia tena. Sauti yake ilibaki, ila haikujua kupanda wala kushuka. Maneno ya watu aliyasoma midomoni. Mtaani walimwita Fundi Kimya, naye akaliandika jina hilo mwenyewe kwenye kibao cha mlangoni, kwa sababu chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa karakana. Humo aliunganisha kompyuta.

Asubuhi hiyo mkewe alikuwa kazini. Nyumbani alibaki na mama mkwe, aliyekuja kukaa nao kidogo. Siku kumi zilikuwa zimepita na mama huyo hajamwelekezea neno. Alipitishia kwa bintiye: "Mwambie mumeo chai iko tayari." Tena alisema akiwa amefunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Fundi alishaamua moyoni kwamba hapendwi.

Mezani kulikuwa na kompyuta mpya ya zahanati, aliyoiunganisha kwa siku mbili. Ya zamani ilikuwa imekufa, na picha za eksirei hazikuwa na pa kusomewa. Dada wa eksirei angekuja kuichukua saa nne. Saa mbili na nusu Fundi akabonyeza kitufe. Feni zikazunguka, taa ikawaka, lakini skrini ikabaki nyeusi tii.

Akaichomeka skrini kwenye kompyuta yake mwenyewe, ikaonyesha vizuri. Akabadilisha waya. Giza lile lile. Kilichobaki ni kispika kidogo kilichomo ndani, ambacho hulia kueleza ni wapi panapouma. Siku zote mkewe ndiye aliyemsikilizia, na simu ya mkewe hukaa kabatini mpaka zamu iishe.

Akasimama mlango wa jikoni.

"Mama, samahani. Naomba unisaidie kusikiliza."

Mama mkwe akageuka nyuma kama anayetafuta mwingine anayeambiwa. Kisha akafuta mikono, akaja. Fundi akabonyeza. Mama akainamisha kichwa, akainua vidole vitatu.

Milio mitatu ilimaanisha kumbukumbu. Fundi akachomoa kadi zote mbili za kumbukumbu, akazifuta, akajaribu moja moja. Kila mara vidole vitatu. Saa tatu na nusu ikafika. Akakumbuka kwamba pale zahanati kuna aliyeuliza, mbele yake kabisa, kama kiziwi ataiweza kazi hii, na dada wa eksirei akamtetea. Leo angemwaibisha. Bisibisi ikamteleza mkononi, akaiokota, ikamteleza tena.

"Mama, hiyo milio inalingana?"

Akajibu akiwa amefunika mdomo.

"Nisamehe, mama. Ukifunika mdomo sikuelewi."

Mama akashusha mtandio. Meno mawili ya mbele hayakuwapo.

"Naona aibu mbele ya mkwe," alisema. "Milio hailingani. Wa kwanza ni mrefu."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliuliza mingapi. Urefu hukuuliza."

Fundi akaweka kiganja mezani, akamwomba aiigize milio hiyo. Mama akaburuza ukucha juu ya mbao, taratibu, kisha akagonga mara mbili. Mmoja mrefu, miwili mifupi. Hiyo ilimaanisha kadi ya picha, inayopeleka picha kwenye skrini.

Akaikagua kwa tochi. Upande mmoja ulikuwa umeinuka kama unene wa ukucha: bati la kadi liligusa ukingo wa kasha, hivyo kila alipokaza skrubu, mkia uliinuka. Akachukua koleo kukunja bati. Hapo hapo akaona kivuli mlangoni. Dada wa eksirei, mapema kwa dakika kumi, na kompyuta bado iko wazi matumbo nje.

Mama mkwe akamwahi. Fundi alisoma midomo yake kutoka kule alikosimama: "Kaa hapa kidogo, mwanangu. Mkwe wangu anamalizia."

Akakaza skrubu, akabonyeza. Maandishi meupe yakatokea. Hakuyaamini. Akaizima, akaiwasha, mara tatu, na kila mara akamtazama mama, naye akagonga meza mara moja tu. Mlio mmoja mfupi. Nzima.

Wakaipakia kwenye gari la zahanati. Lakini hofu haikuondoka na gari. Vipi ikitikisika njiani? Akazungukazunguka chumbani, chai ikamwagika, chakula kikapoa. Saa saba simu ikatetemeka mfukoni. Dada wa eksirei alikuwa ameipiga picha skrini: mifupa ya mkono wa mtu, myeupe kwenye weusi, imevunjika sehemu mbili.

Fundi akampa mama mkwe aone. Mama akaisogeza simu mbali na macho, kisha akaisogeza karibu tena.

"Maskini," alisema. "Ni mkono wa nani?"

"Sijui, mama."

"Waambie wamfunge vizuri," akasema, akaenda kupasha chakula.