Bi Changarawe na Samaki Wageni

Watu wa kijitoni walimwita Bi Changarawe, na yeye mwenyewe alikuwa ameshazoea kuitikia. Kwa miaka kumi na mitatu ilikuwa nadra kumkuta huko siku ya Jumamosi bila ndoo mkononi. Kabla ya hapo alikuwa mpimaji katika maabara ya mtambo wa maji. Miaka ishirini na tisa alisimama mbele ya vichupa akipima maji ambayo wenzake walikuwa wakiyanywa bila kuyafikiria. Alistaafu akiwa na magoti mabovu, macho mazima, na tabia ya kuandika kila kitu daftarini.

Kijito chenyewe kilipita nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa. Zamani kilikuwa na samaki mdogo wa asili, mwembamba, mwenye mapezi mekundu, ambaye watu walimwita pezijekundu. Samaki huyo hutaga mayai katikati ya vijiwe safi, palipo na maji yanayokwenda na kivuli cha miti. Kiwanda kilikata miti na kumwaga udongo, tope likafunika vijiwe, na pezijekundu akabaki wa kuhesabika. Ndipo watu saba wakaunda chama. Walikutana katika chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, wakajipa kazi mbili: kurudisha makazi ya samaki wa asili, na kuwafundisha watu uvuvi wa ndoana ili wapate sababu ya kukipenda kijito. Mwenyekiti alikuwa fundi bomba, mtu mcheshi aliyejuana na kila mwenye nyumba mjini. Katibu akawa Bi Changarawe.

Kazi ya kwanza ndiyo iliyomla. Vijiwe vilitakiwa viwe vya ukubwa wa dole gumba, vioshwe mpaka maji yatoke meupe, vibebwe, vitandazwe kwa mkono. Mvua kubwa ikija ilisomba vyote mpaka kwenye daraja, na Jumamosi iliyofuata walianza upya. Ilitokea hivyo mara nne. Kila mara waliorudi walipungua, yeye akajikaza. Mume wake, dereva wa lori aliyestaafu, aliwaambia wageni kwamba kijito hicho kingekuwa mwanamume wangeshamalizana zamani.

"Sasa utagombana vipi na maji?" alisema. "Nimenyamaza tu, nabaki kufua soksi zake zenye matope."

Taabu haikuwa bure. Kila mwaka, msimu wa mayai ukipita, Bi Changarawe aliingia majini na ndoo yenye kioo kitakoni, akainama na kuhesabu vifaranga vya pezijekundu juu ya vijiwe. Mwaka wa kwanza alihesabu tisa. Mwaka wa kumi alihesabu mia mbili na kumi na wawili. Siku hiyo alikaa ukingoni na viatu vyake vya mpira vimejaa maji, hana hata nguvu ya kuvivua, akaandika hesabu ile mara mbili ili awe na hakika.

Lakini kazi ya pili ilikuwa inadorora. Kila mwaka chama kiliandaa siku ya ndoana, mtu yeyote aje afundishwe kufunga mshipi, kuweka chambo na kutulia. Mwaka ule wa kumi watu walikuja wengi, wakakaa kutwa, na ndoana zikatoka majini kama zilivyoingia. Muuza vitambaa mmoja wa sokoni, mama mnene mwenye subira, alikaa saa nne nzima pahala pamoja, kisha akamwuliza mwenyekiti kwa upole kama humo majini mlikuwa na samaki kweli au ni habari tu. Waliokuwa karibu walicheka. Mwenyekiti alicheka nao, lakini lilimkaa.

Mkutano uliofuata alikuja na wazo. Kulikuwa na mfugaji wa samaki nje ya mji, mwenye mabwawa yaliyojaa samaki wa kigeni, wanene, wenye uchu, wanaodaka chochote. Wakichukuliwa mia tatu wakamwagwa kijitoni wiki moja kabla ya siku ya ndoana, kila mtu angeondoka ameshika kitu, na mwakani angerudi na ndugu zake.

Bi Changarawe alikuwa amelisikia wazo hilo mapema. Alikuwa amekwenda kusoma, akaandika kurasa mbili zinazoeleza kwamba samaki wa aina hiyo hula mayai na vifaranga, na hawaondoki kirahisi wakishaingia. Kurasa zilikuwa ndani ya mkoba wake, chini ya kiti chake.

Ila siku hiyo alikuwa ameamka alfajiri kumpeleka mume wake hospitali kutolewa mtoto wa jicho. Walisubiri kwenye benchi la mbao mpaka saa saba mchana. Akamrudisha nyumbani amefungwa jicho, akamlisha, akamwachia binti yao, akatembea kwa miguu mpaka mkutanoni. Chumba kilikuwa na joto na harufu ya rangi kutoka dukani. Alijua vizuri mambo yangekwendaje akizitoa zile kurasa: watu wangekunja uso, mmoja angesema Katibu hataki watu wafurahi, naye angelazimika kueleza na kueleza tena, saa nzima au mbili.

"Katibu," mwenyekiti akauliza, "una neno?"

Alitazama mikono yake. "Sina," akasema.

Wazo likapita.

Siku ya ndoana ilifana kuliko zote. Watu walivuta samaki mpaka wakachoka kuvuta. Muuza vitambaa alipata watano, akawa anaita wapita njia waje waone. Chama kikapata wanachama wapya zaidi ya arobaini. Bi Changarawe alikuwa mezani akigawa mishipi, akitabasamu kila alipotazamwa, na moyoni akijiambia kwamba pengine wote wangevuliwa, asibaki hata mmoja.

Hawakuvuliwa wote. Msimu wa mayai ulipopita aliingia majini na ndoo yake ya kioo. Alihesabu thelathini na mmoja. Akapumzika, akarudia kutoka mwanzo, akapata thelathini na mmoja tena. Kesho yake mvuvi mmoja alimletea samaki mgeni mkubwa, akidhani atafurahi. Alimpasua juu ya gazeti jikoni kwake. Tumbo lilijaa vifaranga vya pezijekundu wenye vipezi ambavyo havijamaliza kuwa vyekundu. Mume wake alisimama mlangoni, akaona uso wake, akarudi sebuleni bila mzaha wowote.

Kwenye chama lawama zilimwangukia mwenyekiti. Wanachama wa zamani walisema ndiye aliyeleta balaa, na yeye hakujitetea. Bi Changarawe alisikiliza maneno hayo wiki mbili, roho ikimsuta. Hakuwa mtu wa kulia wala wa kuomba radhi kwa madaha. Mkutano ulipofika alisimama, akatoa zile kurasa mbili, zimekunjika kwa kukaa mkobani, akaziweka mezani.

"Hizi niliziandika kabla hatujapitisha," alisema. "Nilikuja nazo. Mwenyekiti aliniuliza kama nina neno nikasema sina. Kwa hiyo msimseme yeye peke yake."

Mwenyekiti alizivuta zile karatasi, akazisoma polepole, kidole chake chenye kovu kikifuata mistari.

"Ungesema tu, dada," akasema mwishowe.

"Nilikuwa nimechoka. Sina sababu nyingine ya kuwapa. Nilikuwa nimechoka, nikaona heri niende nyumbani."

Mwenyekiti akakunja karatasi. "Nami nikwambie langu. Yule mfugaji alinionya. Aliniambia hawa wakiingia mtoni hawana adabu. Nilipokuuliza nilikuwa naomba usiseme kitu. Ulipokaa kimya nilishukuru."

Ni muuza vitambaa, mwanachama mpya aliyekaa nyuma karibu na mlango, aliyeuliza swali la maana. Alitaka kujua, kama samaki hao wanaingia kwenye ndoana kirahisi vile, kwa nini wasivuliwe tu mpaka waishe.

Ndivyo walivyofanya. Kanuni ikawekwa: mgeni akinaswa haachwi, anakwenda nyumbani na mvuvi wake; pezijekundu akinaswa, mikono iloweshwe kwanza, achomolewe ndoana taratibu, arudishwe majini. Kila Jumamosi watu walijipanga ukingoni kutoka darajani hadi kiwandani. Mwanzoni walikuja wengi. Mvua ilipoanza wakabaki kumi na wawili, kisha wanane. Muuza vitambaa hakukosa hata mara moja, na kufikia mwisho wa mwaka alikuwa amewatoa wageni arobaini na sita peke yake. Mwenyekiti alikuja na kiti cha kukunja, akavua bila mzaha kama mtu aliye kazini. Yeye na Bi Changarawe hawakulizungumza tena lile jambo. Wakati mwingine mwenyekiti alimbebea ndoo bila kuombwa, naye akamwachia.

Ilichukua misimu miwili. Magoti ya Bi Changarawe yalifika mahali pa kuhitaji mtu wa kumshika mkono kutoka majini. Msimu wa kwanza alihesabu vifaranga arobaini na wanne. Wa pili, tisini. Wageni walikuwa wamepungua sana, lakini kila mwezi alipatikana mmoja au wawili. Mtu alipomwuliza kama mia mbili itarudi, alijibu kwamba hajui, na kwamba akijua atasema.

Mwaka huo aliomba apumzishwe ukatibu. Hawakumbembeleza, maana walimwona alivyokuwa akitembea. Muuza vitambaa akachukua daftari na ufunguo wa chumba, na Bi Changarawe akamwonyesha pa kuandika hesabu, kwa kalamu, siyo kwa penseli.

Jumamosi iliyofuata simu iliita saa mbili asubuhi. Alikuwa bado kitandani. Muuza vitambaa alikuwa kijitoni, lori la changarawe limeshamwaga mzigo, na vijiwe vilimtia wasiwasi. Aliona maji ya kuoshea hayatoki meupe. Bi Changarawe akamweleza: aoshe kidogo kidogo, asijaze ndoo, azungushe kwa mkono wake na si kwa koleo, abadilishe maji mara ya sita hata kama anaona yametosha. Alieleza kwa muda mrefu. Upande wa pili zilisikika sauti za watu na mlio wa ndoo.

"Kwa hiyo tukungoje?" muuza vitambaa akauliza.

"Hapana, mama. Mimi leo siji."

Akaweka simu chini ya mto. Mume wake, aliyekuwa ameshajipa kazi ya kutafuta viatu vya mpira, akavirudisha uvunguni na kwenda kuchemsha chai. Bi Changarawe akageukia ukutani, akajifunika shuka mpaka shingoni, akalala tena.