Baiti Tatu Nilizobana

Mimi programu zangu hazikosei. Nasema hivyo kifua mbele, na mafundi wenzangu hapa Tunduma wananiita mjuaji. Waseme. Mashine ya kutotolesha vifaranga ya shangazi yangu kule Ikinga niliiunda mwenyewe: sanduku, taa za joto, betri ya sola, na bodi ndogo niliyoiandikia programu kwa lugha ya C.

Humo niliorodhesha kazi za mashine kwa majina: PUMZIKA, ATAMIA, ANGUA. Orodha ya namna hiyo tunaiita enum. Majina ni yetu sisi binadamu; kompaila, inayogeuza maandishi yangu kuwa lugha ya chipu, huyahifadhi kama namba: sifuri, moja, mbili. Kazi iliyochaguliwa ilitengewa baiti nne, yaani vijichumba vinne vya kumbukumbu. Nne! Kwa majina matatu? Nikaona ni ubadhirifu, nikaiamuru kompaila itumie baiti moja tu. Asubuhi nikaenda Ikinga, nikaweka programu mpya, skrini ikaandika ATAMIA, nikanywa chai, nikaondoka napiga mluzi. Ndani kulikuwa na mayai mia na ishirini yaliyokwisha kuatamiwa siku kumi na mbili. Ugonjwa wa kideri ulikuwa umemaliza kuku wote wa shangazi, na hayo ndiyo yalikuwa tegemeo lake la kuanza upya.

Saa nane mchana, mezani kwangu, nikaijaribu programu ileile kwenye bodi nyingine. Joto linalotakiwa: sifuri. Mungu wangu! Mipangilio iliyohifadhiwa kwenye bodi hii, kama ile ya Ikinga, ilikuwa bado ya zamani: baiti nne za kazi, kisha joto. Programu mpya ilisoma baiti ya kwanza, ikapata ATAMIA sawasawa, halafu ikachukua inayofuata ikidhani ndiyo joto. Kumbe ilikuwa mojawapo ya zile tatu tupu nilizojidai kuzibana. Ukiiambia mashine joto linalotakiwa ni sifuri, haiwashi taa hata moja.

Nikapiga simu. “Shikamoo shangazi, fungua mashine uguse mayai!”

“Ya baridi, baba.”

Nikamwambia achemshe maji, ayatie kwenye madumu, ayapange kando ya mayai na kufunika kwa blanketi. Nikarukia bodaboda, njia nzima najitukana. Nilipofika nikarudisha baiti nne, taa zikawaka.

Tukaingia jikoni penye giza, tukayamulika kwa tochi ya simu, moja moja. Mishipa ilionekana, na ndani kitu kidogo kilichezacheza. Tisa yalikuwa yamekufa. Mengine yote hai.

“Nilihisi baridi tangu saa tano,” shangazi akasema, bado ameshika yai. “Lakini skrini imeandika inaatamia. Nikasema mkono wangu huu wa jembe unajua nini, mwanangu ndiye aliyesoma.”

Nililia palepale, mbele yake, bila aibu. Nikamwambia mkono wake ndio uliokuwa sahihi, na mimi ndiye niliyekosea.