Vumbi la Mchimbaji

Kwenye katuni, kivuli huhama pamoja na mwanga, lakini uchafu hubaki palepale ulipopakwa. Ukivichanganya, umeharibu.

Mwaka huu, katika studio yetu ndogo ya Lubumbashi mjini, tulikuwa tunatengeneza filamu ya watoto kuhusu mchimbaji wa shaba. Mwenzangu aliweka kivuli na vumbi katika tabaka moja. Mchimbaji alipogeuka kuingia nyumbani, vumbi lote likahamia mgongoni, kifua kikabaki safi.

"Huyu papa amenawa mu njia?" patron, mwenye studio, akauliza, tukacheka. Kisha akanipa mimi nimrekebishe mchimbaji huyo.

Baba yangu alikuwa mchimbaji. Alipokufa, mama alikuwa ameshatangulia, nami nikaacha shule, nikaanza kupaka vibao vya maduka ili wadogo zangu wale. Kwa hiyo vumbi lile jekundu nililijua. Nililiweka katika tabaka lake lenyewe: zito magotini na kwenye mikunjo ya viwiko, jepesi begani, mahali gunia linaposugua kitambaa. Kwenye paja la kulia nikaacha sehemu safi, ya ukubwa wa uso wa mtoto. Baba alitukataza kumgusa kabla hajaoga, lakini mdogo wetu wa mwisho hakusikia. Kila jioni alikumbatia mguu ule, akaondoka na shavu jekundu.

"Hapa iko kosa," patron alisema, akigusa paja lile kwenye skrini. "Onyesha mutu wa kwenu. Kama anaelewa, tunaacha."

Nyumbani tumebaki wawili, mimi na huyo wa mwisho. Wengine wameolewa mbali. Picha ya baba hatuna. Jumapili, akiwa anapepea mbabula, jiko letu la makaa, tupike bukari, ugali wetu, nikamwonyesha mchimbaji kwenye simu.

"Yaya, mukubwa wangu, kumbe kazi yako ni kuchafua bantu!" Alicheka, akatazama tena. "Lakini hapa kwa mguu ulisahau kupaka."

Ningemwambia kuwa ile ni alama ya shavu lake, angesema anakumbuka, ili tu anifurahishe.

"Ndiyo," nikasema. "Kesho nitapaka."

Nikapaka. Sasa mchimbaji anageuka mlangoni na vumbi halihami hata kidogo, na patron huwaonyesha wageni kwa fahari. Mimi hutazama suruali tu. Paja la kulia ni jekundu sawasawa na la kushoto.